Kufuatilia miradi ya wanafunzi kwa hati za pamoja mtandaoni: mwongozo kwa mwalimu

Mradi wa darasani mara nyingi huanza kukwama mapema, wakati kundi halijapata hata swali la kuchunguza, lakini mwalimu huja kulijua hilo siku ya kukusanya kazi. Ukiuliza darasani "Mmefika wapi?", jibu ni lile lile: "Tunaendelea vizuri, mwalimu." Wanafunzi hawakudanganyi. Wengi hawajui kama wamechelewa, kwa sababu hawajawahi kuiona kazi yote ikiwa imetandazwa mbele yao, kipande baada ya kipande, pamoja na tarehe zake.

Hati ya pamoja mtandaoni inaweza kuondoa tatizo hilo kwa sharti moja: mwalimu aisome. Jedwali lenye safu nyingi na rangi za kila aina, ambalo hakuna anayelifungua baada ya wiki ya kwanza, linawaongezea wanafunzi kazi tu. Kwa hiyo hapa tunajenga kitu kidogo: jedwali moja la darasa zima na hati moja kwa kila kundi. Basi.

Mifano yangu ni ya Google Sheets na Google Docs. Akaunti ya bure inatosha kabisa, na huja na hifadhi ya GB 15. Anayetumia Excel na Word za mtandaoni kupitia OneDrive atakuta karibu kila kitu ninachokitaja, ila vitufe vina majina mengine na viko mahali pengine.

Kabla ya kuwasha kompyuta: ukate mradi vipande

Hii ndiyo sehemu inayoamua kila kitu kitakachofuata, nayo hufanywa kwa kalamu na karatasi. Andika vipande vya mradi ambavyo mtu anaweza kuviona kwa macho. "Kufanya utafiti" si kipande, kwa kuwa hakuna ajuaye umeanza lini wala umekwisha lini. "Maswali ya mahojiano yameandikwa na mwalimu ameyapitisha" ni kipande.

Tuseme wanafunzi wanachunguza matumizi ya maji shuleni. Vipande vinaweza kuwa sita: swali moja la uchunguzi, fomu ya kukusanyia takwimu, takwimu za siku tano, grafu na maelezo yake, rasimu ya ripoti, ripoti iliyosahihishwa. Kila kimoja kipe tarehe yake ya mwisho.

Tarehe ya kipande cha kwanza iwe karibu sana, ndani ya wiki ya kwanza, hata kama mradi ni wa miezi miwili. Kundi ambalo limeshindwa kukubaliana juu ya swali moja kwa siku nne limeshakupa habari unayoihitaji, na bado una muda wa kukaa nalo. Vipande vikizidi vinane au tisa, punguza. Wanafunzi wataanza kujaza jedwali badala ya kufanya kazi.

Hatua ya 1: Folda, na mwenye mali ni nani

Katika Google Drive tengeneza folda moja yenye jina la darasa na mradi. Ndani yake tengeneza mwenyewe jedwali na hati zote za makundi, kisha uwape wanafunzi ruhusa ya kuandika. Usiwaambie watengeneze hati zao halafu wakutumie. Hati aliyoitengeneza mwanafunzi ni yake hata ikikaa ndani ya folda yako, kwa hiyo akiifuta au akifunga akaunti, kundi zima limepoteza kazi. Faili iliyotupwa kwenye pipa la Drive hufutwa kabisa baada ya siku 30.

Hatua ya 2: Jedwali la darasa

Fungua jedwali jipya lenye kurasa mbili. Ukurasa wa pili uite Ratiba. Safu A ya ukurasa huo iorodheshe vipande vya mradi, na safu B iwe na tarehe ya mwisho ya kila kipande. Huu ni wa mwalimu peke yake kuubadilisha.

Ukurasa wa kwanza ndio darasa zima litakaoutumia. Kila kundi lina mstari mmoja tu, unaoonyesha kipande ambacho kundi linakishughulikia sasa. Wapo walimu wanaopenda kuweka mstari kwa kila kipande cha kila kundi. Mimi siungi mkono, kwa sababu makundi manane yenye vipande sita yanakupa mistari 48, na hutaiona yote kwa mara moja kwenye skrini. Mambo yaliyokwisha kupita yatakaa kwenye hati ya kundi.

Safu ni hizi, kuanzia A:

- A: Kundi. Jina la kundi lenye kiungo cha hati yake. Chagua seli, bonyeza Ctrl na K, bandika kiungo.
- B: Kipande. Wanafunzi wanachagua kutoka kwenye menyu.
- C: Tarehe ya mwisho. Inajijaza yenyewe.
- D: Hali.
- E: Kinachofuata, na nani anakifanya.
- F: Kikwazo.
- G: Tarehe ya kusasisha.
- H: Mwalimu.

Safu E na F ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Kwenye E usikubali maneno kama "kuendelea na kazi". Sentensi iwe na mtu, kitendo na siku: "Katibu anachora grafu ya pili kufikia Alhamisi." Kwenye F waandike kinachowazuia hata kama kinaonekana kidogo. "Hatujui tupime maji kwa ndoo au kwa lita" ni kikwazo halali kabisa, na wewe unaweza kukiondoa kwa nusu dakika.

Kwenye G hakuna haja ya kuandika tarehe kwa mkono. Kwenye kompyuta, Ctrl pamoja na nukta mkato huweka tarehe ya leo.

Hatua ya 3: Menyu, fomula na rangi

Chagua safu B kuanzia mstari wa 2, kisha weka menyu kunjuzi inayosoma orodha ya vipande kutoka ukurasa wa Ratiba. Fanya hivyo pia kwa safu D, ila humo andika chaguo zako mwenyewe. Napendekeza nne tu, kwa sauti ya wanafunzi wenyewe: Hatujaanza, Tunaendelea, Tumekwama, Tumemaliza. Asilimia achana nazo. Kundi likiandika "70%" hujui asilimia 70 ya kitu gani, na kwa kawaida namba hiyo haishuki kamwe, hata kazi ikiharibika.

Kwenye C2 weka fomula hii, kisha iburute hadi chini:

=IFERROR(VLOOKUP($B2,Ratiba!$A:$B,2,FALSE),"")

Inachukua kipande kilichochaguliwa, inatafuta tarehe yake kwenye Ratiba na kuileta. Mwanafunzi hawezi kujisogezea tarehe, na wewe ukiahirisha kwa siku mbili unabadilisha mahali pamoja tu. Ikiwa jedwali linaigomea fomula, jaribu kuweka nukta mkato mahali pa mikato. Jambo hilo hutegemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya faili. Na ukiona namba kubwa isiyoeleweka badala ya tarehe, safu C inahitaji tu kupewa muundo wa tarehe.

Sasa rangi. Katika umbizo lenye masharti, chagua eneo A2:H40, kisha uchague fomula maalumu na uandike:

=AND($C2<>"",$C2<TODAY(),OR($D2="Hatujaanza",$D2="Tunaendelea"))

Mstari wowote ambao tarehe yake imepita na kundi halijamaliza utageuka mwekundu, au rangi nyingine uliyoichagua. Angalia kwamba "Tumekwama" haimo kwenye fomula hiyo. Nimeiacha kwa makusudi. Kundi lililosema limekwama lipewe rangi yake, ya njano kwa mfano, kwa sharti la pili: =$D2="Tumekwama". Wanafunzi wakiona kwamba kukiri kukwama kunaleta msaada na si wekundu wa aibu, watakiri mapema. Wakiona kunaleta karipio, kila mstari utasema "Tunaendelea" hadi siku ya mwisho.

Hatua ya 4: Funga visivyoguswa

Linda ukurasa wa Ratiba, safu C, safu H na mstari wa vichwa, ili wewe pekee uweze kuvihariri. Kuficha ukurasa hakutoshi, kwani mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kuufichua.

Hatua ya 5: Hati ya kundi

Tengeneza hati moja ya mfano, kisha uinakili kwa kila kundi. Juu kabisa pawe na majina ya wanakundi na kiungo cha kurudi kwenye jedwali. Chini yake weka kichwa kimoja kwa kila kipande cha mradi, kwa mitindo halisi ya vichwa, si kwa kukoza herufi tu. Ukifanya hivyo, orodha ya vichwa hujitokeza pembeni na utaruka moja kwa moja hadi kwenye sehemu unayotaka kuisoma.

Mwisho wa hati weka jedwali dogo liitwalo Daftari la kazi, lenye safu tatu: tarehe, nani, amefanya nini. Usiliache hili. Historia ya hati inaonyesha nani kaandika, lakini haionyeshi nani alikwenda kupima maji saa moja asubuhi. Na wanafunzi wanaotumia simu moja wataonekana kama mtu mmoja, maana hati hutambua akaunti, haitambui vidole. Daftari hilo ndilo linalompa haki yake aliyefanya kazi nje ya skrini.

Hatua ya 6: Kushiriki

Alika wanafunzi kwa baruapepe zao. Jedwali la darasa wapewe wote kama wahariri, na hati ya kundi wapewe wanakundi tu. Epuka chaguo la "yeyote mwenye kiungo" kwa ruhusa ya kuhariri. Anayeingia bila akaunti huonekana kwa jina la mnyama asiyejulikana, na hutaweza kujua nani alifuta ukurasa mzima.

Akaunti za Google zina umri wa chini, ambao katika nchi nyingi ni miaka 13 na katika baadhi ni zaidi. Kwa wanafunzi wadogo tumia akaunti zinazosimamiwa na shule. Kama hazipo, mzazi au mlezi ahusishwe, au wewe mwenyewe ujaze jedwali huku kundi likikusomea kwa mdomo. Njia hii ya mwisho si ya kudharau: watoto wanajifunza kuripoti kazi yao, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Hatua ya 7: Kipindi cha kwanza

Tenga nusu kipindi kwa ajili ya kujaza tu. Onyesha mstari mmoja uliojazwa vizuri na mmoja uliojazwa ovyo, na darasa liseme tofauti iko wapi. Kila kundi limchague msasishaji wa wiki, na kazi hiyo izunguke. Akiwa mmoja muda wote, wenzake watajivua mradi taratibu.

Hatua ya 8: Siku ya kusoma

Chagua siku moja ya wiki na saa ya mwisho ya kusasisha, kisha usome muda mfupi baadaye. Kama ni Alhamisi jioni, iwe Alhamisi jioni kila wiki. Wanafunzi watakupima mara mbili au tatu za mwanzo. Wakikuta umesoma, watajaza. Wakikuta hujasoma, jedwali limekufa na hakuna rangi itakayolifufua.

Fuata mpangilio huu wa macho. Anza na safu G, utafute mistari ambayo haijaguswa tangu wiki iliyopita. Kundi lililonyamaza linahitaji macho yako kuliko hata kundi jekundu, kwa kuwa jekundu angalau unajua lilipo. Kisha nenda kwenye njano, usome kikwazo, ujibu. Halafu wekundu. Mwisho fungua hati za waliosema "Tumemaliza", usome kipande hicho kimoja tu, na kwenye safu H uandike kama umekikubali au kinarudi. Ukikikubali, kundi linabadilisha safu B kwenda kipande kinachofuata.

Ukitaka kupanga mistari kwa hali au kwa tarehe, tumia mwonekano wa kichujio na si kichujio cha kawaida. Kichujio cha kawaida kinabadilisha kila mtu anachokiona, na kundi linalojaza wakati huo huo litadhani mstari wake umepotea.

Maoni yaandike ndani ya hati, mahali penyewe panapohusika: chagua maneno, bonyeza Ctrl, Alt na M. Ukiweka alama ya @ na baruapepe ya mwanafunzi, unaweza kumkabidhi maoni hayo kama kazi, naye atapata taarifa. Maoni yafaayo yana mambo matatu: ulichokiona, swali, na tendo lenye siku. Linganisha haya mawili:

"Kazi nzuri, ongezeni maelezo."

"Grafu yenu inaonyesha matumizi ya maji yamepanda sana Jumatano. Kilitokea nini siku hiyo? Andikeni sentensi mbili chini ya grafu kabla ya Jumatatu."

La kwanza linawaacha walipokuwa. La pili wanaweza kulifanyia kazi usiku huo huo. Usiandike zaidi ya maoni matatu kwa kipande kimoja. Mwanafunzi aliyekuta maoni kumi na tano husahihisha tahajia na kuyakimbia magumu. Na usimwandikie sentensi sahihi badala yake. Kama ni lazima uguse maneno yake, tumia hali ya kupendekeza, ili aone ulichobadilisha na aamue kukikubali au kukikataa.

Kusoma historia ya hati

Kwenye menyu ya Faili kuna historia ya matoleo, au bonyeza Ctrl, Alt, Shift na H. Hapo unaona hati ilivyokuwa siku na saa fulani, na kila mwandishi ana rangi yake. Kwenye jedwali, bofya seli kwa kitufe cha kulia uchague historia ya uhariri wa seli hiyo, nawe utaona nani alibadilisha "Tumekwama" kuwa "Tumemaliza" na lini.

Zana hii ina nguvu, na inaweza kutumika vibaya. Tazama kwanza kazi ilivyosambaa: imeandikwa siku kadhaa, au yote usiku mmoja? Kisha tazama kilichofutwa. Aya iliyofutwa na kuandikwa upya mara tatu inakuonyesha mwanafunzi anafikiri, na hilo huwezi kuliona kwenye ripoti iliyokamilika. Mwambie umeliona.

Aya ndefu iliyotokea kwa mkupuo mmoja huenda imenakiliwa mahali, lakini huenda pia iliandikwa kwenye daftari, au kwenye programu nyingine ya simu, kisha ikabandikwa. Historia peke yake haitoshi kumtuhumu mtu. Mwite, mwombe akueleze aya ile kwa maneno yake na jinsi alivyofikia hitimisho. Dakika tatu za mazungumzo zitakupa jibu la uhakika kuliko saa nzima ya kupekua matoleo. Vilevile usigawe alama kwa kuhesabu maneno ya kila rangi.

Waambie wanafunzi tangu siku ya kwanza kwamba historia ipo na kwamba utaisoma. Kila kipande kinapokubaliwa, lipe toleo hilo jina, kama vile "Rasimu iliyokubaliwa", ili ulipate bila kutafuta. Kumbuka pia kwamba nakala mpya ya hati haiji na historia ya ile ya zamani, kwa hiyo kundi likikuletea "nakala safi" siku ya mwisho, omba hati ya awali.

Alama na siri

Alama zisiingie kwenye jedwali la pamoja hata kidogo, wala kwenye ukurasa uliofichwa wa faili hiyo hiyo. Zikae kwenye faili tofauti ambayo haijashirikiwa na mtu. Hali kadhalika maelezo ya nyumbani kwa mwanafunzi, ugonjwa, au sababu ya kutohudhuria: kwenye safu ya kikwazo andika "Tunasubiri mwenzetu mmoja" na inatosha. Safu H isomwe na darasa zima bila mtu kuinamisha kichwa. Ya kukemea yasemwe ana kwa ana.

Intaneti ikiwa ya kusuasua

Google Docs inaweza kufanya kazi nje ya mtandao kwenye kivinjari cha Chrome, na kwenye programu ya simu unaweza kuchagua faili ipatikane bila mtandao. Jambo la kuzingatia ni kwamba hilo huwashwa mapema, mtandao ukiwepo. Makundi yanayofanya kazi hivyo yagawane vichwa, kila mmoja aandike chini ya kichwa chake. Watu wawili wakihariri aya moja bila mtandao, mabadiliko yao yakikutana baadaye yanaweza kuchanganyika vibaya. Kwa siku ambazo mtandao haupo kabisa, chapisha ukurasa wa kwanza wa jedwali na uubandike darasani. Msasishaji ajaze kwa kalamu, kisha ahamishie baadaye.

Mradi ukikwisha

Siku ya kuwasilisha, badilisha ruhusa za wanafunzi kwenye hati kutoka uhariri kwenda utazamaji, ili kazi unayoisahihisha isiendelee kubadilika. Mpe kila mwanafunzi nafasi ya kujinakilia kazi yake kabla hujaondoa ruhusa kabisa. Kisha nakili jedwali, futa majina na yote yaliyojazwa, uache fomula, menyu na rangi, na ulihifadhi kama kiolezo. Kabla ya kulifunga lile la zamani, pitia safu ya kikwazo kuanzia wiki ya kwanza kwa kutumia historia ya matoleo. Kipande kilichokwamisha makundi matatu au zaidi huenda kilikuwa kikubwa mno au maelekezo yake hayakueleweka. Kikate vipande viwili kwenye Ratiba ya kiolezo sasa hivi, kabla hujasahau.